V8 Isiyokanyaga Tope

Siku hizi mahari ndiyo sehemu nyepesi ya ndoa. Wazee wa pande mbili wanakaa, wanakohoa, wanataja ng'ombe na mbuzi na blanketi la bibi, wanapunguziana, na jioni wanaagana wakiwa wamepatana. Ugumu uko kwenye gari. Omba usiwe mjomba wa kijana anayeoa mwezi wa tano hapa Nkoaranga, ukawa umestaafu, ukawa na simu inayokaa na chaji. Kamati itakutazama, itaona huna kazi, na itakuandika kwenye daftari: "Usafiri wa maharusi: Mjomba."

Kikao chenyewe kilikaa kwenye baa moja ya Tengeru, tena siku ya soko, kwa hiyo nusu ya maazimio yalipitishwa kwa kupigizana kelele na makonda wa Hiace. Katibu akasoma bajeti. Hema, viti, ndafu, keki, MC, matarumbeta, mpiga picha za mnato na mwenzake wa video. Vyote vikapita bila swali. Alipofika "gari la maharusi" watu wakaweka glasi chini.

Nikapendekeza Noah ya shemeji. Ni gari safi, kiyoyozi kinafanya kazi upande wa dereva. Kikao kizima kikanitazama kwa huruma. Nikapanda dau: basi Harrier, ile tako la nyani. Vijana wakacheka. Prado? "Prado kila mtu anayo," akasema kijana mmoja aliyekuja kwa bodaboda, na dereva wa bodaboda alikuwa bado amesimama mlangoni akisubiri nauli yake.

"V8," akasema bwana harusi, na hapo mjadala ukafungwa.

Mzee mmoja wa ukoo, ambaye huja vikaoni kwa ajili ya kupinga tu, akasimama. Akasema babu zetu walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 ili mashamba yapewe walowezi, walichanga senti zao mpaka Kirilo Japhet akafika New York mwaka 1952 kulisemea jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Leo wajukuu tunachanga ili mtu atoke Sakina hadi Nkoaranga. Kukawa kimya. Kisha mhazini akajibu kwa heshima zote: "Mzee, hata Kirilo hakwenda na Noah." Hoja ikapita kwa makofi.

Mimi najua utukufu wa gari hili ulikotoka. Kwa miaka mingi, shangingi halikuja kijijini ila limebeba waziri, mkuu wa mkoa au mfadhili. Watoto walisimamishwa pembeni mwa barabara kulipungia mkono kabla hata hawajajua aliyemo ndani. Kwa hiyo anayeshuka humo leo, hata kama jana alikuwa anauza vocha, watu wanainuka. Hicho ndicho bwana harusi anachokodi. Magurudumu manne yanakuja kama nyongeza. Na jina limekwisha kulizidi gari lenyewe: Toyota walipotoa toleo la 300 la Land Cruiser mwaka 2021 waliondoa injini ya silinda nane wakaweka ya silinda sita, lakini wenye nalo mjini bado wanaita V8, na sijamsikia mtu aliyewafungulia boneti kuhesabu.

Nikampigia dalali.

Dalali wa magari wa Arusha hakuulizi unataka gari gani. Anaanza na swali moja: "Harusi au msiba, mzee wangu?"

"Bei ni tofauti?"

"Msibani watu hawaangalii gari."

Nikaona niwe mjanja. Nikamwambia kuna mgonjwa wa kupeleka hospitali, tunataka apande kitu kisichomtikisa. Akanyamaza kidogo. "Na mgonjwa huyo atafungiwa maua?" Nikakata simu, nikapiga tena baada ya chai, nikasema ni harusi. Akasema alikuwa anasubiri simu yangu.

Bei ya kwanza ilikuwa shilingi 800,000 kwa siku. Nilikuwa na hoja yangu, na naamini ni hoja ambayo hata mchumi angeisaini. Mwezi wa tano ni masika. Watalii wamekwenda kwao, kampuni za safari zimefunika magari kwa maturubai, madereva wanashinda vijiweni wakicheza drafti. Magari ni mengi, wateja hakuna, bei ishuke. Dalali akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilinitia wasiwasi. "Ya watalii ni kweli yamelala, mzee. Lakini nani anaoa na gari la watalii? Na Pasaka imepita lini?"

Hapo akanishika. Wakati wa Kwaresima ndoa nyingi hungoja. Pasaka ikipita, zinafunguliwa zote kwa pamoja, na mvua nazo zinafunguliwa kwa pamoja. Kwa mwenye V8, masika ndiyo mavuno.

Kwa faida ya ukoo nilijaribu njia ya tatu. Jamaa mmoja wa Kijenge ana Land Cruiser ya safari, ile ndefu ya kufunguka paa. Bei yake ilikuwa nusu, mafuta juu yake, na dereva wake anaendesha kwenye tope la Ndutu akiwa anaongea na simu. Bibi harusi angesimama, kichwa na shela nje, akapungia watu kuanzia Mnara wa Saa mpaka hapa. Nililiona jambo hilo likiwa zuri mno. Bwana harusi akaniambia, "Anko, yaani nioe kwenye gari la kutazamia simba?" Mama yake, dada yangu wa damu, akaacha kunisemesha mpaka siku ya pili.

Usiku huo ikaja simu kutoka Minnesota. Huko yuko mpwa wangu mwingine, kaka yake bwana harusi, na alikuwa amesikia kwamba mjomba anakodi gari la kifahari bila elimu. Akanipa semina. Kule, anasema, mtu hachukui gari kama hilo kwa siku moja. Analichukua kwa miaka mitatu hivi, analipa kila mwezi, kisha analirudisha dukani na kuchukua jipya. Unacholipia ni thamani itakayopungua ndani ya muda huo, pamoja na riba. Kwa hiyo wauzaji wanapenda ujadili malipo ya mwezi tu, uone yamekuwa madogo ufurahi, huku bei ya gari wameipandisha kimyakimya. "Wewe anko anza na bei ya gari lenyewe. Halafu uliza wanalikadiria litakuwa na thamani gani siku ya kurudisha. Halafu maili." Maili nazo zina kikomo, mara nyingi 10,000 au 12,000 kwa mwaka. Ukivuka, kila maili ya ziada ina tozo yake.

Nikamwambia huku kwetu Land Cruiser haijui kupungua thamani. Mwenye nayo akiiuza baada ya miaka mitano anataka ile bei aliyonunulia, na shukrani juu yake. Akacheka. Lakini jambo moja nililichukua na kulilalia: bei wanakupunguzia pale unapopaangalia. Basi nikaamua kuangalia pengine.

Nilianza na neno "siku". Kwangu siku ya harusi huanza alfajiri na kwisha pale mtu wa mwisho anapobebwa. Kwa mwenye gari, siku ni saa 8, na zinaanza kuhesabiwa gari likitoka getini kwake Njiro. Piga hesabu mwenyewe. Litoke saa mbili asubuhi, liende kwa fundi wa maua, liende Sakina lisubiri bibi harusi amalizwe na watu wa saluni. Ibada ya saa sita itaanza saa saba na nusu. Hubiri. Kwaya ya kwanza, kwaya ya pili, kwaya ya akina mama ambayo haimo kwenye ratiba lakini nani ataizuia? Saa kumi jioni, saa 8 zimekwisha na maharusi hawajafika hata Ziwa Duluti kupiga picha. Kila saa ya ziada shilingi 50,000. Yaani sherehe nzima iko kwenye ziada. Tukavutana kutwa, mpaka tukafika saa 11, kuhesabiwa kuanzia gari linapofika kwa bibi harusi. Bei ikashuka hadi 700,000. Dalali alisema nimemwua. Alisema hivyo huku akiagiza supu nyingine kwa jina langu.

Mafuta. Unachukua likiwa limejaa, unarudisha likiwa limejaa: hiyo inasikika kama haki. Ila V8 aliyonayo huyu bwana ina matenki mawili, lita 93 na lita 45, jumla 138, na injini ya cc 4,600 ya petroli. Kulijaza tu ni kuuza mbuzi kadhaa kabla hujaenda popote. Nikataka mafuta yawe ya kwake, kwa umbali tutakaopatana. Akakubali haraka sana. Nikajua kuna kitu. Kweli, akaongeza kwamba mafuta ya kusimama ni ya mteja, maana dereva hazimi injini maharusi wakiwa wanapiga picha, bibi harusi asije akatoka jasho vipodozi vikateremka. Na bei itafuata ya EWURA, Jumatano ya kwanza ya mwezi. Harusi yetu ilikuwa Jumamosi inayofuata Jumatano hiyo. Nimeishi miaka mingi, lakini sikuwahi kufikiri nitakesha nikisubiri tangazo la EWURA kwa sababu ya mapenzi ya watu wengine.

Hatimaye nikakutana na mwenye gari ana kwa ana. Mtu mpole, wa makamo, amevaa kandambili, anafuta kioo cha pembeni kwa fulana yake mwenyewe. Akanieleza historia ya gari hilo tangu Japani: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa vile injini imevuka cc 2,000, asilimia 30 nyingine ya uchakavu kwa vile lilikuwa limepita miaka 10, na VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo vikiwa vimejumlishwa. "Hili si gari, mzee," akasema. "Hii ni risiti ya TRA yenye matairi." Nikamwonea huruma, na huruma ndiyo inayomwangusha mtu kwenye mapatano. Akaanza kutaja masharti.

Utepe ufungwe kwenye vioo na vitasa tu, gundi isiguse rangi. Hakuna kula ndani. Hakuna kubeba ndafu, hata kwa dakika moja, hata amefungwa karatasi ya fedha. Akina mama wasigonge boneti wakati wa vigelegele. Matarumbeta wasikae nyuma karibu, kwa sababu trombone ya mtu fulani iliwahi kutoboa taa. Dereva ni wa kwake, ana posho yake, na atakula chakula cha wageni wa heshima, maana akipewa sahani ya pembeni huwa anasononeka na akisononeka anaendesha vibaya.

Nikakubali yote. Kisha, akiwa anafunga mlango taratibu kwa mikono miwili, akauliza, "Njia ya huko ina tope?"

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu hasira zangu zote ziko hapa. Mwaka 1951, mwaka uleule aliokuwa anauzungumzia mzee wetu wa kupinga, babu wa gari hili, jipu ya Toyota iliyoitwa BJ, ilipandishwa Mlima Fuji mpaka kituo cha sita. Hakukuwa na lami. Ulikuwa ni mlima, mawe na dereva wa majaribio. Hapo ndipo Wajapani walipojua wametengeneza kitu, na mwaka 1954 wakaipa jina la Land Cruiser. Miaka 70 baadaye mjukuu wake ana viti vya ngozi, ana friji katikati, ana kitufe cha kuteremka mteremko na kitufe cha kutambaa kwenye mawe, ana uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu, amekuja kwenye miguu ya Mlima Meru, na anaogopa njia ya kwenda kwa dada yangu. Njia ambayo kirikuu ya kubeba ndizi inaipita kila asubuhi. Njia ambayo bodaboda anaipanda na gunia la simenti, mama mjamzito na mlango wa chuma.

"Tope lipo kidogo," nikasema. Ilikuwa mwezi wa tano.

"Basi litaishia barabarani. Maharusi watatembea."

Kuanzia hapo tulizungumzia mita mia chache tu. Nilimwambia nitamlipa laki saba zote barabara ikiwa kavu au ikiwa mto, lakini gari lifike mlangoni kwa mama mwenye harusi, kwa sababu humo njiani ndimo walimo watu wanaotakiwa kuliona. Barabarani watu wameshaona V8. Akatafakari. Siku ya pili akaja na futi kamba, akaipima njia mwenyewe. Gari lina upana wa karibu mita mbili. Njia inalitosha, lakini pembeni kuna masale pande zote, na majani ya masale yangepitisha mistari kwenye rangi kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma. Sharti lake: masale yapunguzwe.

Asiyekuwa wa huku atadhani hilo ni jambo la panga na nusu saa. Sale ni mpaka. Sale ndilo linalosema shamba la fulani linaishia hapa na la fulani linaanzia hapa, na limesema hivyo tangu kabla ya hati miliki. Ukimkuta mtu na panga kwenye masale yako huulizi ana harusi gani. Kwa hiyo mkataba wa gari ukanipeleka kwa majirani nyumba kwa nyumba, na kila nyumba chai, na kila chai kesi. Mmoja akakubali kwa sharti kwamba yale ya upande wa pili yakatwe zaidi ya yake. Mwingine akasema mpaka wenyewe ulikosewa enzi za baba yake, na sasa kwa kuwa tumekuja, tuusahihishe. Ikabidi mwenyekiti wa kitongoji aje asimame katikati ya njia akiwa na muhuri mfukoni, vijana wakapunguza majani tu, shina halikuguswa, na maridhiano yakaandikwa. Sijui kama kuna mtu Minnesota aliyewahi kukodi gari kwa muhtasari wa kikao cha mipaka.

Mkataba wenyewe niliuchapisha steshenari. Mwenye gari hakuupenda. Alisema sisi ni watu wa kuaminiana, na nikamwambia ndiyo maana sijaweka mwanasheria. Nikalizunguka gari nikipiga video ya kila mkwaruzo uliopo, na kila nilipouonyesha kidole dereva alisema huo ulitoka nao Japani. Hata ule wenye rangi ya kijani ya daladala.

Likabaki suala la namba. Gari lilikuwa na kibao cha njano, yaani ni la mtu binafsi. Gari la kukodishwa linatakiwa liwe na kibao cheupe, liwe na leseni ya LATRA, na bima yake ijue kwamba linakodishwa. Nikauliza bima. Ipo. Kubwa au ndogo? Kubwa. Inafunika abiria wa kukodi? Hapo mwenye gari akakumbuka kufuta kioo. Nilitafuta la kibao cheupe, lilikuwepo, na risiti ya EFD juu, lakini bei ilizidi bajeti na kamati ikapiga kura. Nikashindwa kura nyingi dhidi ya moja. "Mkisimamishwa," mwenye gari akatufariji, "semeni tu ni gari la mjomba."

"Mjomba yupi?"

"Si wewe ndiye mjomba?"

Siku ya harusi mwenye gari alikuja mwenyewe. Hakualikwa, alikuja kuliangalia gari lake, akakaa kiti cha mbele pembeni ya dereva, amevaa suti ya bluu, na miguuni amevaa gambuti kwa maandalizi. Mimi nilifuata nyuma na Noah ya shemeji. Tukatoka Sakina, tukazunguka kipilefti cha Mnara wa Saa kama desturi inavyotaka, matarumbeta mbele kwenye pikapu, tukashika barabara ya Moshi. Njia hiyo ina vibao vya kilomita 50 kwa saa vingi kuliko miti, na ukiwa na injini ya cc 4,600, hamsini ni mateso. Dereva akavumilia, akavumilia, halafu akaacha kuvumilia. Tochi ikamwona kwenye 62.

Msafara wote ukasimama. Matarumbeta nao wakasimama lakini hawakuacha kupiga, kwa hiyo makosa yetu yaliandikwa kwa shangwe. Trafiki, mtu mstaarabu kabisa, akauliza gari ni la nani. Mwenye gari akashusha kioo na kuninyooshea kidole mimi niliyekuwa nashuka kwenye Noah. "La mzee yule. Mjomba wa bwana harusi." Trafiki akanijia, akanipigia saluti, akanipongeza kwa kijana kuoa, akanisihi nimwambie dereva wangu apunguze mwendo. Faini shilingi 30,000. Nikamtazama mwenye gari. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kisheria faini inamfuata mwenye chombo, na mwenye chombo ameshatajwa.

Ibada ilikwenda vizuri, kwaya ya akina mama ikaimba. Duluti gari liliunguruma mpaka ndege wa ziwani wakahama upande. Kisha tukafika kwenye njia yetu, na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Mwenye gari akashuka. Akatangulia mbele ya boneti, akawa anampa dereva ishara kwa mikono yote miwili, kushoto, kulia, pole pole, simama, huku gambuti zinazama na kutoka. Nyuma yake V8 inatambaa na maua yake, ndani maharusi wamekaa wima. Watu wakatoka kwenye migomba wakapiga vigelegele. Sasa albamu imekuja, na hakuna picha hata moja ya bibi harusi akiingia nyumbani kwa mumewe isiyokuwa na mwanaume wa suti ya bluu na gambuti akinyoosha mikono. Kwenye video ndiye anayeonekana zaidi ya mchungaji.

Bibi yake bwana harusi alimdhania ni mzee wa ukoo wa upande wa kule, kwa jinsi alivyokuwa na uchungu na msafara. Akamkalisha meza ya mbele, akamletea loshoro kwa mkono wake. Wengine walidhani ni utingo wangu, na walimsifu kwangu kwamba nina kijana mwaminifu. Alikula, akapewa nafasi ya kusalimia, akasalimia. Saa 11 zetu zilipokwisha, dereva alitazama saa yake, akamtazama bosi wake. Bosi alikuwa anacheza.

Jumatatu akanitumia ujumbe: saa 3 za ziada, na shilingi 40,000 za kuosha tope chini ya gari. Nikamjibu kwamba saa hizo tatu nina video yake akiwa anarusha mguu wa gambuti juu. Akajibu kwamba alikuwa kazini. Jambo hilo lipo kwa dalali kwa usuluhishi, na usuluhishi una supu yake.

Ningekuwa nimemaliza, lakini habari ya trafiki ilifika Nkoaranga kabla yetu. Imethibitishwa na askari mwenye sare, mbele ya mashahidi na matarumbeta, kwamba V8 ile ni yangu. Kikundi kimoja cha kwaya kimeniandikia barua ya kuwa mgeni rasmi kwenye uzinduzi wa albamu yao, na mgeni rasmi haendi mikono mitupu. Fundi aliyenidai elfu kumi na tano tangu mwaka jana amepandisha deni. Shemeji ananiazima Noah yake kwa sauti ya mtu anayetaniwa.

Na juzi wamekuja wazee wawili wa kitongoji cha juu, kijana wao anaoa mwezi ujao. Wamekuja kwa adabu, na mkungu wa ndizi, kuomba bei ya undugu ya lile gari langu. Nimewaeleza kwamba si langu, wakacheka sana, wakasema watu wenye mali ndivyo walivyo. Basi nikawatajia bei, nikawatajia masale, nikawaambia wasisahau chakula cha dereva. Walipoondoka nikampigia dalali kumuuliza anayeleta mteja anapata nini. Ameniambia asilimia tano. Nimemwambia kumi, na faini ya trafiki nirudishiwe. Anasema nimemwua. Bado tunaongea.